Nani Alikitengeneza? Kutambua Mtengenezaji wa Kigandamizo cha Kioo cha Uskoti kwa Dalili Zake

Mtu anayenunua kigandamizo cha karatasi kilichotengenezwa Uskoti, yaani lile donge zito la kioo lenye maua au ruwaza za rangi ndani yake, hukutana mapema na swali ambalo muuzaji mara nyingi hawezi kulijibu: nani alikitengeneza? Vigandamizo vingi havikutiwa alama yoyote. Vingine vilibandikwa lebo ya karatasi ambayo imekwisha kudondoka, na vingine vina herufi ambazo mnunuzi huziamini haraka kuliko inavyofaa. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, lakini dalili hizo hazitaeleweka kama hatujajua kwanza kwa nini kazi za viwanda tofauti vya Uskoti zinafanana kiasi hiki.

Sababu ni watu waliohama. Salvador Ysart, fundi wa kioo mzaliwa wa Barcelona, alifika Uskoti mwaka 1915 akitokea Ufaransa pamoja na wanawe, na mwaka 1922 akaanza kazi katika kiwanda cha Moncrieff mjini Perth. Kiwanda hicho, ambacho kilijulikana kwa vioo vya viwandani na vya maabara, kuanzia 1924 kilitoa pia kioo cha sanaa kilichoitwa Monart, jina lililounganisha Moncrieff na Ysart. Mwana mkubwa wa Salvador, Paul, aliyezaliwa 1904, ndiye aliyeishika kazi ya vigandamizo na kuifikisha mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Salvador alitoka na wanawe Vincent na Augustine wakafungua kiwanda chao hapo hapo Perth, wakakiita kioo chao Vasart, huku Paul akibaki Moncrieff. Kazi ya Vasart ndiyo iliyohamia Crieff na kuwa Strathearn Glass mwaka 1965, na ni kutoka Strathearn alikotoka Stuart Drysdale mwaka 1968 kuanzisha Perthshire Paperweights katika mji huo huo, akifuatwa na mafundi ambao mikono yao ilikwisha kuizoea kazi. Huku kaskazini, Paul Ysart alihamia Wick mwanzoni mwa miaka ya 1960 kufundisha vijana katika Caithness Glass, kampuni iliyoanzishwa 1961, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akafungua karakana yake mwenyewe Harland, karibu na Wick. Miongoni mwa waliojifunza chini yake walikuwamo William Manson na Peter Holmes, na Holmes alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Selkirk Glass mwaka 1977.

Nimeieleza historia hii kwa urefu kwa sababu karibu kila utata utakaofuata unatokana nayo. Fundi alipohama alikwenda na mazoea yake: namna ya kupanga ruwaza, rangi alizozipenda, na jinsi ya kumalizia kitako. Kiwanda alichokiacha kiliendelea kuzitumia ruwaza zile zile. Kwa hiyo dalili moja peke yake, hata iwe nzuri namna gani, haitoshi kulitaja jina. Zinahitajika angalau dalili mbili zisizotegemeana.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo yenye mwanga mkali, mizani ya jikoni inayosoma gramu, na, ikiwezekana, tochi ya mwanga wa urujuanimno. Safisha kigandamizo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukikausha kwa kitambaa laini, na usikitumbukize kamwe katika maji ya moto, kwa kuwa kioo kinene hupasuka kinapopata joto la ghafla.

Dalili ya kwanza: hakuna alama yoyote

Hii ndiyo hali ya kawaida, na haina maana kwamba kitu hicho ni duni. Paul Ysart mwenyewe alitengeneza vigandamizo vingi bila kuvitia saini, na vya Vasart mara nyingi vilitegemea lebo ya karatasi peke yake. Unapokosa maandishi, kinachobaki ni kusoma kazi yenyewe, na mahali pa kuanzia ni vijiti, yaani vile vipande vidogo vya kioo cha rangi vinavyopangwa kuunda ruwaza ndani ya kigandamizo.

Kijiti hutengenezwa kwa kupanga tabaka za kioo cha rangi, kuzipitisha katika kalibu yenye umbo la nyota au gurudumu la meno, kisha kulivuta donge hilo la moto hadi liwe ufito mrefu mwembamba. Ufito ukipoa hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huonyesha sura ile ile pale kilipokatwa. Kwa kuwa ufito mmoja hutoa vipande vingi mno, sura hiyo hujirudia katika vigandamizo vingi vya kiwanda kimoja katika kipindi kimoja. Ndiyo sababu wakusanyaji wenye uzoefu hulinganisha vijiti kabla ya kitu kingine chochote. Hesabu meno ya gurudumu, andika mpangilio wa rangi kutoka katikati kwenda nje, kisha utafute kijiti kilicho sawasawa katika kigandamizo ambacho asili yake imethibitishwa. Kijiti kinachofanana kwa mbali hakisaidii. Kila mtu Ulaya alitengeneza nyota na magurudumu.

Baada ya vijiti tazama mpangilio. Katika kazi za Vasart vijiti huwa vikubwa na vyepesi kwa muundo, rangi zake ni za upole kama waridi iliyofifia, kijani cha maziwa na buluu ya anga, na mara nyingi uso umegawanywa kama vipande vya keki kwa kamba za kioo zilizosokotwa, juu ya sakafu, yaani tabaka la chini, ya rangi isiyopitisha mwanga. Paul Ysart aliutumia pia mpangilio huo wa kamba zinazotoka katikati, lakini mkono wake unatambulika zaidi katika picha zilizofinyangwa: kipepeo, kereng'ende, samaki, au shada la maua lililozungukwa na duara la vijiti vilivyotenganishwa kwa nafasi zinazolingana. Perthshire inaonekana kwa usafi wa kazi yake. Vijiti ni vidogo zaidi, vimebanwa sawasawa, na ndani ya baadhi yake utakuta, ukitumia lenzi, kivuli cha ndege au mnyama kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama. Nakiri upendeleo wangu hapa: kwa maoni yangu hakuna kiwanda cha Uskoti kilichopanga vijiti kwa nidhamu kama Perthshire ya miaka ya 1970 na 1980.

Dalili ya pili: herufi PY zinaonekana, lakini kuna jambo halikai sawa

Kijiti chenye herufi PY ni saini ya Paul Ysart. Kilitumika Moncrieff, kikatumika alipokuwa Caithness, na kikaendelea kutumika Harland, kwa hiyo hata kinapokuwa halali hakitaji kiwanda wala mwaka. Kijiti chenye herufi H huhusishwa na kipindi cha Harland.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kuna vigandamizo vyenye PY ambavyo Paul Ysart hakuvitengeneza. Sababu yake ni bei: kazi yenye saini yake huuzwa ghali kuliko isiyo na saini, na herufi mbili za kioo si vigumu kuzitengeneza kwa mtu mwenye tanuri. Mnunuzi anayeishia kwenye herufi hizo ndiye anayetegewa.

Njia ya kuliondoa shaka hilo ni kuzisahau herufi kwa muda na kukichunguza kigandamizo kana kwamba hakina saini. Weka tochi ubavuni, si juu, ili mwanga upite ndani ya kuba, ile sehemu ya juu ya mviringo, bila kukurudia machoni. Tazama vijiti vya duara linalozunguka picha: je, vinapatikana pia katika kazi za Ysart zilizothibitishwa? Tazama ua lenyewe: je, petali zimepangwa kwa mkono uleule, na bua linaingiaje chini ya majani? Tazama kitako na jinsi kilivyosuguliwa. Kisha rudi kwenye kijiti cha saini na ukilinganishe umbo la herufi, unene wa mistari yake, na rangi ya kioo kinachozizunguka, na picha nzuri za saini zisizo na shaka. Ikiwa herufi zinafanana lakini vijiti vingine vyote ni vigeni, amini vijiti. Kinyume chake, kigandamizo kisicho na saini ambacho vijiti vyake vyote ni vya Ysart kina hoja yenye nguvu kuliko kile chenye saini katikati ya vijiti vya kigeni.

Mwanga wa urujuanimno husaidia katika hatua hii, mradi utumiwe kwa kulinganisha. Michanganyiko tofauti ya kioo hung'aa kwa rangi tofauti chini ya mwanga huo, na kiwanda kilipobadilisha mchanganyiko, mng'ao nao ulibadilika. Weka kigandamizo chenye shaka kando ya kilichothibitishwa cha kipindi hicho hicho, katika chumba chenye giza, chini ya tochi ile ile. Tofauti kubwa ni onyo la kweli, ilhali kufanana kunaondoa pingamizi moja tu.

Dalili ya tatu: kuna herufi nyingine, tarehe, au sura ya mtawa

Herufi P ndani ya kijiti, ikiwa pamoja na mwaka au herufi inayousimamia mwaka, ni ya Perthshire Paperweights, kampuni iliyofanya kazi hadi 2002. Herufi J inaelekeza kwa J Glass, karakana aliyoianzisha John Deacons mwaka 1979 baada ya kupita Strathearn na Perthshire, na JD ni saini yake ya baadaye. WM ni William Manson, PH ni Peter Holmes, na CG ni Caithness Glass. Kosa linalotokea mara nyingi ni kusoma P ya Perthshire kuwa nusu ya PY iliyofichwa na rangi. Lenzi hulimaliza jambo hilo mara moja.

Sura ya mtawa mdogo mweupe inahitaji uangalifu zaidi. Mtawa huyo alikuwa nembo ya Whitefriars, kiwanda cha Uingereza kilichokuwa katika eneo la London na kufungwa mwaka 1980. Baada ya kufungwa, jina lake lilinunuliwa na Caithness, ambao waliendelea kutoa vigandamizo vyenye mtawa huyo. Kwa hiyo mtu anayekiondoa kigandamizo cha mtawa katika orodha ya Uskoti bila kusoma mwaka anaweza kukosea kabisa: mtawa wa miaka ya 1970 ni wa London, na yule mwenye tarehe ya baada ya 1980 ni kazi ya Caithness.

Dalili ya nne: kuna kitu kwenye kitako lakini hakisomeki

Geuza kigandamizo na ukilaze juu ya kitambaa. Zima taa za chumba, kisha upitishe mwanga wa tochi ukiwa umelala karibu kabisa na uso wa kitako, ukiuzungusha polepole. Mistari ambayo haikuonekana kwa mwanga wa kawaida huanza kutoa vivuli.

Ikiwa katikati, pale palipobaki kovu la fimbo ya chuma iliyokishika kioo kikiwa cha moto, panaonekana muhuri uliobonyezwa wenye umbo la samaki anayeruka, umempata samoni wa Strathearn. Muhuri huu mara nyingi ulibonyezwa kioo kikiwa kimeanza kupoa, ndiyo maana hutoka nusu: unaweza kuona mkia na tumbo bila kichwa, au duara tupu lenye mabonde mawili matatu. Usitarajie samaki kamili. Duara lililobonyezwa hapo katikati, likiambatana na vijiti vya aina ya Vasart, linatosha kumfanya mtu amfikirie Strathearn kabla ya mwingine yeyote.

Ikiwa ni maandishi yaliyochongwa kwa mkono au kuchomwa kwa asidi, tafuta kwanza jina la kampuni, kisha jina la muundo, kisha namba. Caithness na Selkirk walikuwa na desturi ya kuandika hayo kwenye vitako vya matoleo yenye idadi maalumu. Neno Vasart lilichomwa kwa asidi, kwa mwandiko wa kuunganisha herufi, hasa kwenye bakuli na vyombo vya maua. Herufi CIIG huwachanganya wengi: ni alama ya Caithness kwa bidhaa za daraja la pili, zile zilizokutwa na dosari ndogo kama kipovu au sakafu iliyopinda. Muuzaji anayeieleza kuwa ni namba ya siri ya fundi anakosea, na bei yake inapaswa kulifuata daraja hilo.

Dalili ya tano: vijiti ni vya Vasart, lakini kila kitu kingine kinasema Strathearn

Hapa hakuna kosa la kutafuta. Strathearn iliendeleza kazi ya Vasart kwa mafundi na ruwaza zile zile, na haingekuwa busara kutupa fito zilizokwisha kuvutwa. Kigandamizo cha miaka ya katikati ya 1960 kinaweza kuwa na vijiti vya zamani ndani ya kioo kipya. Kama muhuri wa samoni upo, jibu ni Strathearn. Kama haupo, angalia rangi: kadiri miaka ilivyosonga Strathearn ilielekea kwenye rangi kali zaidi na vijiti vyenye muundo mwingi zaidi kuliko ule upole wa Vasart. Vigandamizo vya kati na kati viachwe kati na kati.

Jambo hilo hilo hujirudia kwa uchache kati ya Strathearn na Perthshire ya mwanzo kabisa, kabla ya Perthshire kuupata mtindo wake. Vijiti vidogo, kitako kilichong'arishwa kwa uangalifu na herufi P hutenganisha nyingi kati ya kazi hizo.

Dalili ya sita: muuzaji anasema Uskoti, lakini kioo hakikubali

Neno Uskoti huuza, na hivyo hubandikwa kwenye kazi za Murano, Italia, na za China. Kigandamizo cha Murano mara nyingi hujaa vijiti vikubwa vya rangi nyingi vilivyobanana bila mpangilio wa duara, wakati mwingine pamoja na chembe zinazometameta kama dhahabu. Vile vya zamani vya China huwa na kioo chenye kivuli cha manjano au kijivu, vijiti vilivyopinda, na kitako kisichomaliziwa vizuri. Utelezi wa kioo mkononi, ambao wauzaji huutaja kama dalili ya kazi ya China, si kipimo cha kutegemewa.

Upande wa pili wapo wanaokipandisha cheo kigandamizo cha Uskoti na kukiita kazi ya karne ya 19 ya Baccarat, kiwanda maarufu cha kioo cha Ufaransa. Shaka hii inapimika. Pima kigandamizo kikiwa kikavu na uandike gramu zake. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri, ukining'inize kigandamizo kwa uzi imara hadi kizame chote bila kugusa ukingo wala chini. Namba itakayosomeka ni gramu za maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa ukavu kwa namba hiyo. Kigandamizo cha gramu 450 kinachosoma 180 ndani ya maji kina densiti ya 2.5, ambayo ni ya kioo cha soda na chokaa. Kingesoma 145, densiti ingekuwa 3.1, ambayo ni ya kioo chenye madini ya risasi kama kile cha Baccarat na cha Saint-Louis, kiwanda kingine cha Ufaransa. Kigandamizo chenye 2.5 kinachouzwa kwa jina la Baccarat ya kale kina maelezo ya kutoa. Kipimo hiki hakitenganishi Perth na Crieff, na pia hakitoshi kuiondoa Murano, kwa kuwa nako walitumia kioo cha soda.

Dalili ya saba: hakuna vijiti wala maua

Vigandamizo vya dhahania, vyenye mawimbi ya rangi, vipovu vilivyopangwa na utando wa moshi, vilianza kuipa Caithness jina lake mwaka 1969, pale Colin Terris alipobuni seti ya sayari. Selkirk, iliyoongozwa na mtu aliyepitia Caithness, ilifuata njia iliyo karibu. Bila vijiti vya kulinganisha, kitako ndicho shahidi mkuu, na maandishi yaliyofutika yatafutwe kwa tochi kabla ya kukisia. Kisipokuwa na maandishi, kilinganishe na picha za miundo inayojulikana, kwa kuwa Caithness ilitoa kila muundo kwa jina lake. Kile kisicholingana na muundo wowote kisipewe jina kwa sababu ya rangi zake tu.

Dalili ya nane: kitako ni safi kupita kiasi

Kigandamizo cha miaka 60 kilichokaa mezani kinapaswa kuwa na mikwaruzo midogo isiyo na mwelekeo mmoja pale kinapogusa meza. Kitako kinachong'aa kama kipya kina sababu mbili zinazowezekana: kilihifadhiwa kabatini, au kilisuguliwa upya ili kuondoa kipande kilichomeguka. Usuguaji huondoa muhuri wa samoni, maandishi na kovu la asili kwa pamoja, na hakuna njia ya kuvirudisha. Tazama ubavuni: ikiwa sakafu ya rangi iko karibu mno na kitako, au kuba halilingani na upana wa chini, kioo kimepunguzwa. Kitu kama hicho kinaweza bado kutambuliwa kwa vijiti, lakini usikubali kulipia alama ambayo muuzaji anasema ilikuwapo.

Unapokiandikia kigandamizo chako kadi, andika kiasi kile tu ambacho dalili zimekifikia, pamoja na dalili zenyewe. "Perth au Crieff, Vasart au Strathearn, katikati ya miaka ya 1960, vijiti vya Vasart, kitako bila muhuri" ni maelezo kamili, na mkusanyaji mwingine atakayekutana na kijiti kilicho sawa na chako ataweza kuendelea kutoka hapo.